Angetile wa Mwaya, mjane aliyekataa kuihama nyumba yake

Jua bado halijavuka milima ya Ukinga, na Angetile yumo ndani ya shimo la udongo, magoti hayaonekani. Amejifunga nguo kiunoni, mkono mmoja umeshika mti uliosimikwa pembeni, anakanyaga. Kila anapovuta mguu udongo unatoa mlio wa kunyonya, naye anaurudisha palepale.

"Ugonile!" anamwita mgeni bila kusimama. Ndiyo salamu ya asubuhi ya huku, kuuliza kama umelala salama. Kabla mgeni hajaitikia "ndaga", anaendelea kwa Kiswahili alichokiokota bandarini: "Hapo usikae, baba, hapo natupia mawe. Kama unataka kuniuliza maneno, vua viatu uingie. Kama hutaki, kaa kule kwenye nyasi."

Mwandishi wa habari hii alikaa kwenye nyasi. Viatu anavyo jozi moja tu.

Angetile ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana ya mtu aliyekulia kwenye mtumbwi. Umri wake haujui na wala haumsumbui. Kazi zake ni mbili, na zote za udongo: anafyatua matofali na anakandika nyumba za watu. Lakini hapa Mwaya, bandari ya kaskazini mwa Nyasa, jina lake limetoka kwa jambo jingine. Yeye ndiye mwenye nyumba ya wapangaji. Mgeni akishuka melini na kuuliza pa kulala, wapagazi wanamnyooshea kidole kwenye nyumba ndefu iliyopakwa udongo mweupe, kisha wanamwonya kwamba mwenyewe hataki mtu wa kutema mate sakafuni.

Nyumba hiyo mwaka jana nusura ife. Haikuungua, wala mafuriko hayakuifikia. Walitaka kuibomoa ndugu wa marehemu mumewe, watu wema kabisa, waliokuja na kamba na mapanga kutimiza wajibu wao.

Msomaji wa pwani ataona ajabu, kwa hiyo tumweleze kwanza.

Kwa Wanyakyusa wa bonde hili, nyumba haikuwa kitu cha kumwachia mtu. Mvulana akifika umri wa kuona haya kulala karibu na wazazi, hutoka na wenzake wa rika lake, wakajenga vibanda vyao upande wa pili wa migomba. Wakioa, vibanda vinakuwa nyumba, na mahali pale panakuwa kijiji chao. Hakuna anayemlipa mtu. Mianzi ipo, nyasi zipo, chifu anakuonyesha mahali, na wenzako wanakuja kukusaidia kusimamisha.

Na mwenye nyumba akifa, nyumba nayo imekwisha. Jamaa huezua paa na kung'oa mianzi, na udongo uliokuwa umeshikwa na mianzi ile huporomoka wenyewe. Mvua inamalizia. Mwaka wa pili unakuta migomba. Mjane huhamia kwa ndugu wa marehemu, na hakuna mtu mwenye akili zake atakayelala tena mahali pale. Ukipita kijiji cha Ikolo ukaona migomba imenenepa kuliko ya jirani, uliza vizuri. Huenda umesimama chumbani kwa mtu.

"Sisi nyumba tulikuwa tunazivaa tu," anasema Angetile. "Mwenyewe akiondoka, inatupwa."

Mambo yalianza kugeuka kodi ya serikali ilipofika. Kodi hiyo ilianza kwa kuhesabu nyumba, rupia tatu kwa kila nyumba kwa mwaka, na kijana wa kubeba mizigo hufanya kazi mwezi mzima na kitu kuzipata. Watu si wajinga. Vijana waliokuwa wajenge vibanda vitano wakajibana katika viwili. Mzee mmoja wa Ipyana, mwenye wake wanne na nyumba nne, aliwakusanya wote katika nyumba mbili, na majirani wake wanaapa kwamba kelele zilisikika mpaka ng'ambo ya ziwa.

Wakati huohuo wakaanza kuja watu wasio na kijiji: askari, wapagazi, mabaharia, wauza nguo, wanunuzi wa mpunga. Hawana rika hapa, hawana mianzi, na chifu hana sababu ya kuwaonyesha mahali. Miaka kumi na tano iliyopita usingempata Mwaya mtu hata mmoja anayelala kwa kulipa. Wiki hii mwandishi alizunguka kutoka ufukweni hadi sokoni, akakuta nyumba tisa zenye wapangaji. Ya kwanza kati ya hizo tisa ni ya Angetile, na wenye nyumba wengine wanakubali, ingawa mmoja alikubali kwa shingo upande.

Angetile alizaliwa Ikombe, kwa Wakisi, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambako ukienda kwa miguu utajuta. Njia ni ziwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi kama wanawake wote wa pale, na binti alianza kukanda udongo kabla hajajua kusuka nywele. Walikuwa wakipakia vyungu mtumbwini, majani makavu katikati, wakapiga kasia mpaka Mwaya kuvibadilisha kwa ndizi na maharage.

"Enoki nilimpata hapa hapa," anasema, na kwa mara ya kwanza anaacha kukanyaga. "Alikuwa anapakia kuni za meli. Akanunua chungu. Safari iliyofuata akaja tena, anasema kimevunjika, akanunua kingine. Nacho kikavunjika! Mama akamwambia, kijana, wewe huna haja ya chungu. Sema unachotaka."

Alisema. Wakaoana, wakakaa Ipyana, ambako Enoki, mzaliwa wa Ikolo, alikuwa amebatizwa. Misheni ilikuwa ikijenga kwa matofali, na Angetile akapata kibarua cha kuwabebea maji wafyatuaji. Alibeba maji, lakini macho yalikuwa kwenye kazi. Akirudi nyumbani anajaribu yake. Yalipasuka yote.

"Nilikuwa nayaanika juani kama nilivyoona kule. Udongo wao ulikuwa mwingine. Huu wa huku chini ukikauka haraka unapasuka. Nikakaa chini, nikajisema, ewe Angetile, mtoto wa Ikombe wewe, chungu huwa unakikausha juani? Si unakiweka kivulini! Si unakifunika! Nilitaka kujipiga kofi."

Akachanganya mchanga wa ziwani, akayafunika matofali kwa majani ya mgomba, akawa anayageuzageuza kila siku mpaka yakakauka bila ufa. Walipohamia Mwaya na chifu alipompa Enoki kiwanja, mke akamwambia mumewe kwamba safari hii ukuta utakuwa wa matofali matupu, bila mianzi.

"Akaniuliza, 'Na mimi nitafanya nini?' Nikamwambia, wewe utapumzika. Alinuna siku nzima, hata ugali hakuugusa. Jioni akasema, 'Jenga ukuta wako, mke wangu, lakini na mimi nasimamisha mianzi yangu. Watu wasije wakasema Enoki ameolewa.'"

Basi wakajenga hivyo. Angetile aliinua matofali juu ya msingi wa mawe, na Enoki akasimamisha mianzi yake nje na ndani ya ukuta, myembamba, imenyooka, imefungwa kwa ufundi, juu yake akaweka paa. Kisha mke akakandika kila kitu. Mpita njia aliona nyumba ya Kinyakyusa kama nyingine, safi na ya kupendeza. Watu walikuja kumsifu Enoki kwa ujenzi wake. Enoki akawa anaitikia ndaga, ndaga fijo, yaani asante, asante sana, na mkewe anainama kama mwenye adabu nyingi ili wasimwone anavyocheka.

Mpangaji wa kwanza hakutafutwa. Raphaeli, mzaliwa wa kisiwa cha Likoma, mtia kuni katika tanuri la meli ya serikali, alikuja wakati wa masika kuomba hifadhi ya usiku mmoja. Meli ilikuwa imeharibika. Usiku ukawa wiki, wiki ikawa mwezi.

"Alikuwa mgeni, na mgeni kwetu halipi," anaeleza Angetile. "Kumtoza mgeni ni aibu kubwa. Lakini mgeni gani huyu, baba? Ana kigoda chake. Ana msumari wake wa kutundika kofia!"

Raphaeli yupo mpaka leo, chumba kilekile, msumari uleule. Alicheka sana alipoambiwa maneno hayo. "Mimi ndiye niliyeanza kulipa, hawakunidai," alisema. "Niliona haya. Kila siku ninakula chakula cha watu. Nikaleta samaki, nikaleta chumvi, bado haya haiishi. Siku moja nikaweka nusu rupia juu ya chungu, nikakimbilia melini kabla hawajaiona."

Enoki aliikuta, akamrudishia. Raphaeli akairudisha juu ya chungu. Ikaenda na kurudi hivyo mpaka Angetile akachoka nao wote wawili, akaifunga kwenye pindo la nguo yake na kusema shauri limekwisha. Wakaongeza vyumba viwili. Tangu hapo kodi ya serikali ya nyumba ile inatoka kwenye pango la wapangaji, na Enoki hakupanda tena milimani na mzigo wa mtu kichwani ili kuitafuta.

Alikufa mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, kwa kichomi, katika chumba chake kinachotazama ziwa.

"Nililia mpaka sauti ikakatika," anasema Angetile. Amekaa sasa kwenye ukingo wa shimo, miguu imening'inia. "Wala sikuwa naililia nyumba. Nilimlilia mtu. Nyumba nilianza kuililia baadaye, nilipomwona shemeji yangu analitazama paa."

Shemeji huyo ni Andongwisye, mkulima wa Ikolo, mdogo wake Enoki wa tumbo moja. Hajabatizwa, ana wake wawili, na hakuna mtu aliyemsema vibaya mbele ya mwandishi. Matanga yalipoisha alimjia mjane kwa upole, akakaa mbali kidogo kama inavyostahili.

"Shemeji, siku zimetimia," alimwambia. "Funga vyombo vyako. Nyumba ya kaka tuipumzishe."

"Nina wapangaji ndani, shemeji."

"Waambie waondoke. Mtu hatoi pesa kulala mahali alipofia mwingine."

"Wamekwisha kunilipa mwezi huu."

"Shemeji!" Andongwisye alishika kichwa. "Mnalala ndani ya msiba! Mtoto wa kaka akipatwa na jambo, watu watamuuliza nani? Wataniuliza mimi."

Kumbukeni kwamba mtu huyu hakuwa akitafuta mali. Matofali hakujua kama yapo. Alichoogopa ni ugonjwa, na alichoona aibu ni kusikia sokoni kwamba nyumba ya kaka yake imekuwa mahali pa kuingia yeyote mwenye nusu rupia. Kwake yeye, kukataa kuihama nyumba ile kulikuwa kumnyima marehemu heshima.

Na mjane hakuwa na wa kumtetea. Wazee wa mtaani walikaa upande wa desturi. Mwalimu wa kanisa alisema kulala mahali alipofia mtu si dhambi, lakini hakuja kusimama mlangoni. Hata Anyisile, binti pekee wa nyumba hiyo, msichana mkubwa wa kuolewa, alikuwa upande wa ami yake. Tangu baba afe, msichana huyo hakukanyaga tena chumba kinachotazama ziwa. Alikuwa akilala jikoni, mlango wa jiko ameuzuia kwa kinu.

"Huyo ndiye aliyeniumiza," anasema Angetile, na anamwonyesha binti kwa kidevu. Anyisile yuko karibu, anapanga matofali chini ya kivuli, na anajifanya hasikii. "Wengine niliwatarajia."

Akihama, Angetile alijua kinachofuata. Angekwenda Ikolo kuwa mtu wa nyongeza katika nyumba ya wake wawili, nyumba ambayo nayo siku moja ingeezuliwa. Kuzeeka huku unahamahama nyumba za wafu, alisema, ni kazi ambayo hakuiweza. Lakini hakubisha. Alimuuliza shemeji yake swali moja.

"Mkija, desturi inawaambia mchukue nini?"

"Paa na mianzi," alijibu Andongwisye. "Ndiyo kazi ya mwanamume. Udongo hatuugusi. Udongo ni wa mwanamke, unashuka wenyewe."

"Basi njooni mchukue vya kaka yenu vyote. Sitawazuia."

Walikuja asubuhi, wanaume wa Ikolo, na wakafanya kazi yao kwa adabu. Raphaeli na wapangaji wenzake walikaa nje na mikeka yao wakitazama vyumba vyao vinavyofunuliwa. Nyasi zilishushwa. Makombamoyo ya paa yakashushwa. Kisha wakakata kamba na kuanza kung'oa mianzi, mmoja mmoja, na udongo uliokandikwa juu yake ukawa unabanduka mabamba kwa mabamba na kuanguka.

"Niliogopa," anasema Angetile. "Nilijua ukuta utasimama. Lakini nilikuwa sijawahi kuuona umesimama peke yake. Toka siku ya kwanza mianzi ya Enoki ilikuwapo. Nikasema, Angetile, kama umekosea leo, utaaibika mbele ya ukoo mzima."

Vumbi lilipotulia kuta zilikuwa zimesimama. Pembe kwa pembe, mlango kwa dirisha, matofali mekundu yaliyobana. Wanaume walibaki na mianzi mabegani. Mmoja aliusukuma ukuta kwa bega, akiusaidia uanguke, maana huenda ulikuwa umesahau. Akasukuma tena kwa nguvu zaidi, akaishia kujisugua bega, na Raphaeli akashindwa kujizuia, akacheka peke yake kama mwehu.

Andongwisye alizunguka nyumba yote. Akarudi alipokuwa amesimama mjane.

"Hii ni nini?"

"Ni nyumba yangu."

"Kaka alijenga hii?"

"Kaka yako alijenga hiyo mliyobeba mabegani. Ilikuwa nzuri. Ichukueni, ni yenu."

Walioshuhudia wanasema Andongwisye alikaa chini, mgongo kwenye ukuta uleule, akafunika uso. Alidhani kaka yake alimweleza kila kitu katika maisha yake. "Alinificha," alisema. Angetile akamjibu kwamba alimficha kwa sababu angemcheka. "Ningemcheka kweli," akasema Andongwisye, na hapo wote wawili wakaanza kumlilia Enoki upya, mbele ya watu, bila haya.

Mambo hayakuishia hapo, na hapa ndipo mwandishi anapomsihi msomaji asishangilie mapema. Matofali yale hayakuchomwa motoni. Yakinyeshewa siku chache bila paa, yanarudi kuwa tope. Na mawingu yalikuwa yameanza kujaa juu ya Ukinga, na huku mvua haijui kusubiri.

Wanaume waliondoka na mianzi kwenda kuitupa, maana mianzi ya marehemu haitumiki tena. Mjane alibaki na kuta, wapangaji watatu na mbingu. Mianzi hupandwa na wanaume, naye hakuwa na shina hata moja. Raphaeli alikimbia kuomba turubai la kufunikia kuni melini. Lilitosha chumba kimoja.

Waliomwokoa ni wanawake. Mmoja alipita na mtungi, akaona, akautua mtungi palepale. Huyo nyumba yake alikandikiwa na Angetile wakati wa uzazi wake wa kwanza. Akaenda kumwita jirani, na jirani akaita wengine, wote ambao kuta zao zimepita mikononi mwa mwanamke huyu. Walikuja na majani ya mgomba, mabichi, mapana, wakayalaza juu ya kuta na kuyakandamizia mawe. Wengine walikuwa wanaogopa, anasema Angetile. Walifunika kuta kwa nje na hawakuvuka kizingiti. "Lakini walifunika. Woga wao ni wao, majani yao yalikuwa yangu."

Mvua ilinyesha. Kuta zilipoteza ngozi kidogo upande wa ziwa, zikabaki.

Kisha, kabla ya mwezi kwisha, akatokea tena Andongwisye njiani kutoka Ikolo. Nyuma yake walikuwa wanaume walewale, na mabegani walikuwa na mianzi mibichi, majani bado yapo kwenye ncha.

Mwandishi alimfuata Ikolo kumuuliza kwa nini. Alimkuta akipalilia mpunga, zao ambalo watu wa bonde wameanza kulipenda, na alijibu bila kuacha jembe. "Nilikwenda kutimiza desturi, nikaitimiza. Vya kaka nilivichukua vyote, hakuna uzi uliobaki. Kilichobaki hakikuwa cha kaka. Sasa nimwache mke wa kaka anyeshewe ndani ya nyumba yake mwenyewe? Hiyo ni desturi ya wapi?" Halafu akaongeza: "Mianzi ile ni ya shamba langu mimi, na mimi ni mzima. Niliogopa sana, sikufichi. Hata leo silali pale. Lakini chakula nakula."

Angetile hakuikubali mianzi hiyo kama zawadi. Alimshukuru shemeji yake, akampikia, kisha akaenda Ikolo na kumkandikia mke wake mdogo nyumba nzima, ndani na nje, na nakshi za vidole juu ya mlango. Alifanya hivyo mchana, watu wakiona.

"Ningesema ahsante tu, paa lingekuwa lake," anasema, na anarudi shimoni. "Akifa yeye, wanawe wangekuja na kamba. Sasa nimelilipia. Wakija nitawauliza, kuta za mama yenu mdogo zimekandikwa na nani?"

Leo nyumba ina wapangaji watatu, nusu rupia kwa mwezi kila mmoja, na chumba cha nne cha kupangisha kinajengwa kwa udongo huu unaokanyagwa. Si kila mtu ameridhika. Muuza nguo mmoja alihama siku aliyosikia habari za Enoki, na mzee mmoja wa jirani huzunguka mbali akipita na ng'ombe wake. Wapo pia wanaonung'unika kwamba vijana wa siku hizi wanapanga hadi ndevu zinaota, hawajui hata kufunga mwanzi. Angetile anawaunga mkono hao.

"Mpangaji wangu akikaa sana namwuliza, wewe utajenga lini? Pango nalipenda, lakini sipendi mtu mzima asiye na mlango wake. Huyu Raphaeli nimemwambia nitamfyatulia matofali, ayapeleke Likoma." Raphaeli, aliyekuwa akipiga mswaki pembeni, alisema hataki, na kwamba mtu hahamishwi kwake. Alirushiwa bonge la udongo.

Mpango wake ni tanuri. Anataka kuchoma matofali yake kama anavyochoma vyungu, ili siku nyingine paa likiondoka asimhitaji mtu na majani ya mgomba. Kuni anazikusanya tayari. Wanawake wawili waliofunika kuta siku ile wameomba awafundishe, na mmoja wao ni kati ya wale waliokataa kuvuka kizingiti.

Mwandishi alipofunga daftari na kuanza kuaga, Angetile alimzuia.

"Bado. Andika na hili, walisome Ikolo. Mimi nalala chumba cha Enoki. Nimelala humo tangu paa lirudi, na sijaona kitu isipokuwa mbu. Na mimi nitafia humo, sina mahali pengine. Siku hiyo sitaki mtu aje na kamba. Sitaki migomba ioteshwe kwangu. Nimemwachia huyu." Alimwelekea binti yake, na sauti ikapungua. "Lakini yeye hajawahi kuniambia kama atakubali. Bado analala jikoni."

Anyisile aliliweka chini tofali alilokuwa amelishika, akalifunika kwa jani, akajifuta mikono kwenye nguo. Alitazama dirisha linaloelekea ziwa, na mama yake akaacha kukanyaga.

"Siku hiyo nitabadilisha mkeka tu, mama," alisema. "Chumba cha baba sitakihama."